Ukihamia Unguja na Watoto: Mjini au Pembeni ya Mji?



Watu wengi wa Pemba huhamia Unguja. Wako wanaotafuta kazi, wako wanaofuata biashara, na wako wanaofuata jamaa waliotangulia. Mtu akiwa peke yake, kuhama si kazi kubwa. Hufunga mkoba wake, hupanda meli, na akifika hulala kwa ndugu mpaka apate pahala pake. Lakini watu wawili wenye watoto watatu au wanne hawawezi kuhama hivyo. Kabla ya kufunga mizigo, baba na mama lazima wajibu suala moja: tutakaa wapi?

Majibu yanayotolewa ni mawili. Jibu la kwanza ni kupanga chumba kimoja au viwili mjini, kwa mfano Kikwajuni, Michenzani au Mwembetanga. Jibu la pili ni kwenda pembeni ya mji, kwa mfano Fuoni, Tomondo, Kwarara au Kinuni. Huko nyumba hupatikana kwa kodi ndogo zaidi, na mtu huweza kununua kiwanja akajenga.

Katika makala haya nitatoa maoni yangu. Wewe na wenzako darasani mnaweza kuyakubali au kuyapinga. Maoni yangu ni haya: usichague kwa kutazama bei ya nyumba peke yake. Itazame siku nzima ya mtoto, tangu alfajiri mpaka usiku. Kipimo changu ni mguu wa mtoto.

Mji umekuaje?

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Zamani mji wa Unguja ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe. Sehemu ya pili ni Ng'ambo. Iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari. Mkono huo ulifukiwa, na leo watu hupita Darajani bila ya kuona maji. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilijenga majumba ya ghorofa Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Hata sisi Pemba tunayaona majumba ya namna hiyo, Chake Chake na Wete.

Lakini mji haukuishia hapo. Hesabu ya watu ya 2002 ilionyesha kwamba Wilaya ya Magharibi, iliyo pembeni ya mji, ilikuwa na watu wapatao 184,000. Mwaka 2012 watu hao walifika 370,645. Maana yake, katika miaka 10 watu waliongezeka mara mbili. Katika miaka hiyo hiyo Wilaya ya Mjini iliongezeka kidogo tu, ikafika watu 223,033. Mji ulikuwa umejaa. Watu wapya walikwenda pembeni. Baadaye Wilaya ya Magharibi ikagawiwa, zikawa wilaya mbili, Magharibi A na Magharibi B.

Tuendelee na hesabu. Mkoa wote wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikuwa na watu 893,169. Ongezeko hilo ni la watu karibu 300,000. Mkoa wetu wote wa Kaskazini Pemba, tangu Wete mpaka Micheweni, mwaka 2022 ulikuwa na watu 272,091. Basi watu walioongezeka huko katika miaka 10 ni wengi kuliko watu wote wa mkoa huu. Fikiri, skuli ngapi, mabomba mangapi na vituo vya afya vingapi vinahitajika kwa watu wote hao!

Uzuri na ubaya wa kila upande

Pembeni ya mji kuna mambo mazuri, wala sitaki kuyaficha. Mtu hupata uwanja. Watoto hucheza nje, na mama hufuga kuku na kupanda mchicha. Nyumba huwa na vyumba vya kutosha, watoto wa kiume wakalala mbali na watoto wa kike, kama tulivyofunzwa. Tena huko wako jamaa wengi kutoka Pemba. Mgeni hukuta watu wa kijiji chake, na shida yake huwa ya wote.

Ubaya wake ni huu. Nyumba nyingi zimejengwa kabla ya huduma kufika. Mtu hujenga leo, na skuli au bomba huja baada ya miaka. Pahala pengine njia ni ya vumbi wakati wa jua na ya matope wakati wa masika. Yako mabonde ambayo mvua ikinyesha hugeuka maziwa. Kwa miaka mingi barabara ya Mwanakwerekwe ilikuwa ikifurika mvua kubwa zinaponyesha. Maji yakisimama karibu na vyoo na visima, kipindupindu hakiko mbali.

Mjini nako kuna mazuri yake. Skuli ziko karibu, soko la Darajani liko karibu, na Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Baba akitoka kazini jioni, huwakuta watoto hawajalala. Huduma nyingi mtu huzifuata kwa miguu.

Ubaya wa mjini ni nafasi. Familia ya watu sita katika chumba kimoja haipumui. Choo ni cha kushirikiana. Mtoto hana pahala pa kusomea wala pa kuchezea ila njiani, penye gari na vespa. Kodi nayo haingoji. Mwezi ukiisha, mwenye nyumba anabisha hodi.

Kipimo cha mguu wa mtoto

Sasa tuje kwenye kipimo. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili ana safari nyingi. Huenda skuli na kurudi. Huenda chuoni kusoma Kurani na kurudi. Hutumwa dukani. Hutumwa maji. Akiugua, hupelekwa kituo cha afya. Jiulize: katika safari hizi, ngapi anaweza kwenda kwa miguu yake bila ya hatari?

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme mtoto anatembea saa 1 kwenda skuli na saa 1 kurudi. Kwa siku ni saa 2. Kwa siku 5 ni saa 10. Kila wiki saa 10 za mtoto zinakwisha njiani. Saa hizo angeweza kusoma, kucheza, kula vizuri na kulala. Mtoto anayeamka gizani na kurudi amechoka, hufika darasani akasinzia. Baadaye watu husema hana akili. Ana akili, amechoka tu.

Hesabu ya pili ni ya nauli. Tuseme baba na watoto watatu hupanda gari kila siku. Hao ni watu 4. Kila mmoja huenda na kurudi, kwa hiyo ni safari 8. Tuseme nauli ni shilingi 400. Kwa siku ni shilingi 3,200. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 70,400. Sasa zichukue fedha hizo uziongeze juu ya kodi ya nyumba ya pembeni. Je, nyumba hiyo bado ni rahisi? Wahenga walisema rahisi ghali.

Liko na jambo la tatu, lisilohesabiwa kwa shilingi. Kijijini Pemba, mtoto akitoka nyumbani huonwa na macho mengi. Shangazi anamwona, jirani anamwona, mwalimu wa chuo anamjua kwa jina. Akifanya utukutu, habari hufika nyumbani kabla yake. Unguja macho hayo hayapo siku ya kwanza. Tena katika skuli nyingi zenye wanafunzi wengi, wengine huingia asubuhi na wengine mchana. Skuli mpya za ghorofa zimejengwa miaka hii ili kupunguza jambo hilo, lakini ni lazima uulize. Mtoto anayeingia mchana, asubuhi atakuwa na nani? Kama baba na mama wote wako kazini mbali, mtoto analelewa na njia.

Je, kiwanja nacho?

Wengine watanijibu: "Kodi ni fedha ya kutupa. Afadhali tununue kiwanja mara moja tujenge." Neno hili lina ukweli. Kila mtu anapenda kulala katika nyumba yake. Lakini nasema, usianze na kiwanja.

Sababu ni hii. Baada ya Mapinduzi, Serikali iliwagawia wananchi mashamba ya eka tatu tatu, Unguja na Pemba. Mashamba hayo yalitolewa kwa ajili ya kulima. Mji ulipokua, baadhi ya mashamba yaliyo karibu nao yalikatwa vipande na kuuzwa bila ya kupimwa. Kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992, ardhi ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Basi karatasi iliyoandikwa baina ya watu wawili barazani haitoshi. Mgeni aliyeuza ng'ombe na kukusanya fedha za karafuu za misimu mitatu anaweza kununua bonde la maji, au pahala palipopangwa kupita barabara. Fedha zimekwenda, na watoto hawana pa kulala.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda kwa sheha wa pahala hapo. Kisha uliza Kamisheni ya Ardhi kama kiwanja kimepimwa na kwa kazi gani. Na kiwanja chenyewe kitazame wakati wa masika. Wakati wa kiangazi kila bonde ni zuri.

Nashauri nini?

Kama watoto wako bado ni wadogo, panga karibu na skuli, chuo na kituo cha afya, hata kama nyumba ni ndogo. Vyumba viwili vidogo karibu na skuli ni bora kuliko nyumba kubwa mbali nayo. Si lazima pawe katikati ya mji. Ziko sehemu za Fuoni na Tomondo ambazo skuli, maji na barabara vipo. Hizo ni nzuri, na nafasi ni kubwa kuliko mjini. Jina la mtaa si kitu. Kitu ni safari ya mtoto. Lakini usiingie chumba kimoja na watoto wakubwa wa kiume na wa kike. Hapo mji umekushinda, tafuta pembeni.

Watoto wakikua na kuweza kupanda gari wenyewe, na kiwanja kilichopimwa kikipatikana, jenga. Jenga kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wako.

Tena, mmoja wenu atangulie. Akae kwa jamaa wiki mbili au tatu. Asiende kutazama nyumba tu. Atembee kwa miguu kutoka nyumbani mpaka skuli, saa ile ile ambayo mtoto atatembea. Aulize wanafunzi wangapi wamo darasani. Aulize maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki. Mama naye aulizwe maoni yake, maana atakayetafuta maji na kumpeleka mtoto kwa daktari mara nyingi ni yeye. Kuhama bila ya shauri la mama ni kuhama nusu.

Mtakapoondoka, chukueni barua ya sheha wenu, barua ya uhamisho ya skuli, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki. Nyinyi sasa mnajua kusoma. Zisomeni barua hizo kabla ya kuondoka, muone kama majina yameandikwa sawasawa. Jina lililokosewa linaweza kumchelewesha mtoto kuanza masomo.

Kipimo hiki si cha Unguja tu. Anayetoka Kojani kwenda Wete, au anayetoka Micheweni kwenda Chake Chake, akitumie pia. Nyumba ikiwa mbaya, itatengenezwa. Kiwanja kikikosekana mwaka huu, kitapatikana mwaka mwingine. Lakini mtoto ana miaka saba mara moja tu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja mambo mawili mazuri ya kukaa mjini na mawili ya kukaa pembeni ya mji.
2. Mtoto hutembea dakika 45 kwenda skuli na dakika 45 kurudi. Kwa siku 5 anatumia saa ngapi njiani?
3. Je, unakubali kwamba familia yenye watoto wadogo isianze na kununua kiwanja? Toa sababu zako.
4. Kutoka kijijini kwenu mpaka skuli ni mwendo wa muda gani? Watoto wanapitia wapi?