Mcheza Kwao Hutunzwa: Roboti Kigeugeu na Deni la Fasihi ya Watoto

Wahenga walilonga kuwa mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii hutajwa ngoma inaporindima, lakini inamhusu pia mtoto anayecheza vumbini na gari lake. Mjini Isiolo, kama katika miji mingi ya Kenya, mtoto hukunja waya akaunda gari, akalikatia magurudumu kutoka kwa kandambili kuukuu, kisha akaliongoza kwa kijiti kirefu huku mdomo wake ukinguruma kwa niaba ya injini. Kando ya gari hilo ametokea mgeni: roboti ya plastiki ambayo, ikikunjwa mikono na kupinduliwa kifua, hugeuka lori, gari dogo au ndege. Roboti hizo hujulikana duniani kwa jina la Transformers. Baadhi ya wapenzi wa Kiswahili humtazama mgeni huyo kwa jicho la chuki. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mbona yeye alifika akiwa na hadithi yake mkononi, ilhali gari la waya lingali linangoja ya kwake?

Historia ya roboti hizo ina funzo kwa kila mwanafunzi wa fasihi. Zilibuniwa na kampuni ya Takara ya Japani, na hapo mwanzo hazikuwa na nafsi. Katika mkusanyiko wa Diaclone, ulioanza mwaka 1980, roboti ilikuwa chombo tu, nacho kiliendeshwa na kijisanamu cha binadamu kilichoketishwa ndani yake. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipozinunua haki za kuziuza, haikuanza kwa kubadilisha plastiki. Ilitafuta waandishi. Kampuni ya Marvel, inayochapisha vitabu vya katuni, ilipewa kazi ya kutunga kisa, na mhariri wake Bob Budiansky akaandika sehemu kubwa ya majina na wasifu wa wahusika. Dereva akaondolewa, na chombo chenyewe kikapewa akili, hasira, huruma na woga. Mwaka 1984 roboti zile zile zilizokuwa vyombo bubu ziliingia madukani zikiwa wahusika.

Nyuma ya kila boksi palikuwa na kadi fupi iliyoeleza tabia ya mhusika, nguvu zake na udhaifu wake. Vipimo vya uwezo wake vilifichwa ndani ya mchoro uliosomeka tu kwa kuuwekea kipande cha plastiki nyekundu. Mtoto, basi, alilazimika kusoma ili acheze. Hadi leo wakusanyaji wa sanamu hizo, wengi wao wakiwa watu wazima, hulipa bei kubwa zaidi kwa sanamu iliyobaki na boksi na kadi yake kuliko kwa ile iliyotupiwa vitu hivyo. Mwaka 1986 watengenezaji walimuua shujaa mkuu, Optimus Prime, katika filamu ya katuni ili wapishe sanamu mpya sokoni. Watoto walilia, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 shujaa huyo akafufuliwa katika mfululizo wa televisheni. Wafanyabiashara walidhani wameondoa bidhaa, kumbe walikuwa wamemuua mhusika. Ama kwa hakika, hakuna anayelilia plastiki. Kilicholiliwa ni kazi ya kalamu.

Hapa ndipo Isiolo inapohusika. Shujaa aliyeliliwa ni lori, na ni vigumu kupata mji unaolielewa lori kuliko huu. Kabla ya barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, kukamilika kutiwa lami katika miaka ya 2010, lori ndilo lililokuwa tegemeo la wasafiri wa kaskazini. Lilibeba mifugo ndani na abiria juu, nalo mara nyingi lilitembea kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi kwa kuhofia majambazi. La ajabu ni kwamba Wajapani walipoupokea mfululizo huo mwaka 1985 hawakulikubali jina la Optimus Prime. Lori hilo waliliita Convoy, yaani msafara. Iwapo Japani iliweza kumbatiza upya shujaa aliyerudi nyumbani akiwa na jina la kigeni, ni nani aliyewazuia wana wa Isiolo, ambao wazazi wao waliuishi msafara wenyewe, wasimwite lori shujaa kwa jina lao?

Wala dhana ya kujigeuza si ngeni kwao. Ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha akaolewa na mgeni mtanashati ambaye baadaye alibainika kuwa zimwi au fisi, husimuliwa katika jamii nyingi za Kenya. Hata hivyo, ngano hiyo ina msimamo wake: anayejigeuza hudanganya. Kiswahili nacho kina neno kigeugeu, na hakuna anayefurahia kuitwa hivyo. Katika kisa cha roboti, wema na waovu hugeuka sawasawa, na mhusika hupimwa kwa tendo lake, si kwa umbo lake. Mitazamo hii miwili ikikutanishwa katika hadithi moja ya Kiswahili, mtoto atapata fumbo la kweli la kufikiria: je, anayebadilika umbo hubadilika moyo pia? Katika mji ambamo Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali huishi pamoja na kuzungumza Kiswahili sokoni, swali hilo lina uzito wake. Huko mtoto hujifunza mapema kwamba mtu huweza kubadili lugha mara tatu kabla ya adhuhuri na asiwe zimwi.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kuwa sanamu hizo ni ghali na ni watoto wachache wanaozimiliki. Ni kweli, ila mhusika hahitaji kununuliwa ili amfikie mtoto. Filamu zilizoanza mwaka 2007 chini ya mwongozaji Michael Bay zilimpeleka mbali kuliko duka lolote. Wa pili watasema kuwa huu ni ubeberu wa kitamaduni, na dawa yake ni kuzikataa. Hoja yao ina chembe ya ukweli, lakini kukataa si kutunga. Mtoto aliyenyang'anywa hadithi moja bila kupewa nyingine ameachwa mikono mitupu. Wa tatu, na hawa wamo vyuoni, watasema kuwa vitu vya kuchezea si fasihi. Hao wakumbuke kwamba vitabu vya fasihi simulizi huiorodhesha michezo ya watoto miongoni mwa vipera vya maigizo. Kinachoshangaza ni kuwa kipera hicho hufafanuliwa kwa mtihani, kisha hufungiwa ndani ya daftari.

Deni hili linalipika, tena bila kiwanda cha plastiki. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya ngano kwa wazee anaweza pia kuchutama karibu na watoto wenye magari ya waya, akanakili majina wanayoyapa magari yao, milio wanayoiga na amri wanazopeana. Kutokana na data hiyo, chama cha Kiswahili kinaweza kutunga kadi za nusu ukurasa: jina la lori, tabia yake, nguvu zake, udhaifu wake na safari iliyolishinda. Kadi kama hizo zinaweza kuchapishwa kwa gharama ndogo na kupelekwa katika shule za msingi za Isiolo, ambako mwalimu ataziweka mikononi mwa watoto waliokwisha kuunda magari yenyewe.

Budiansky na wenzake hawakuunda hata skrubu moja ya roboti zile. Walitunga majina na wasifu, na sanamu zilizokuwa bubu zikaanza kuzungumza. Watoto wa Isiolo wameshakunja waya na kukata magurudumu. Sehemu yao wameimaliza. Mcheza kwao hutunzwa, na wa kumtunza mchezaji huyu kwa maneno ni wasomi wa Kiswahili.