Bastola Mpya au Mazoezi?

Wapo walenga shabaha kwa bastola ambao kila wakosapo hulaumu chombo, wakakopa fedha kununua kingine. Sisi hatuafikiani nao. Károly Takács, askari wa Hungaria, alipasukiwa na bomu mwaka 1938, likauharibu mkono wake wa kulia, ndio wa kulengea. Akajizoeza kwa siri kwa mkono wa kushoto, na katika Olimpiki ya London mwaka 1948 akashinda kwa pointi 580. Helsinki, mwaka 1952, akashinda tena. Hatudharau chombo chema: kilengeo kikilegea, na kikazwe. Lakini kidole kishtukacho wakati wa kufyatua kitashtuka vile vile katika bastola mpya. Na kukizoeza kila jioni kwa bastola tupu (iliyokaguliwa mara mbili, tafadhali) hakugharimu hata senti moja.