Barafu, maji na mvuke: somo la jikoni linaloweza kuokoa maisha

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukariri kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Lakini ukimuuliza gesi ni nini, huenda akakuonesha mtungi wa jikoni.

Mzazi, anza na barafu. Mpe kipande akishike: kina umbo lake, hivyo ni yabisi. Kikiyeyuka, ayamimine maji kwenye kikombe, kisha kwenye sahani. Ataona kimiminika kinavyofuata umbo la chombo. Kwa gesi, apulize puto kisha aliachie. Hewa haionekani, lakini huchukua nafasi na husambaa chumba kizima.

Sasa mgeukie usalama. Sufuria ikichemka, akae mbali na wewe ndiye ufunue. Mweleze kwamba mvuke wa nyuzi joto 100 huunguza zaidi ya maji ya joto hilohilo, kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto la ziada.

Malizia na jiko la mkaa. Mkaa ni yabisi, lakini ukiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Ndiyo maana halilali chumbani, hata wakati wa baridi, hata kama halitoi moshi.

Mtoto akishaelewa kwamba gesi huenea bila kuonekana, huna haja ya kumtisha. Siku ukisahau, yeye ndiye atakayekukumbusha kulitoa jiko nje.