Kenya: Umri wa mtoto mbele ya mahakama

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nchini Kenya ilipandisha umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 naye huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya, hadi ushahidi uthibitishe kinyume chake.

Ni hatua kubwa, lakini ulinzi huo unategemea umri wenyewe kujulikana. Mtoto wa mitaani asiye na cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa daktari akadiriwe, pengine kwa kutazamwa meno, na makadirio hayo yaweza kukosea kwa mwaka mmoja au zaidi.

Mahakama ya watoto inatakiwa kumfungia mtoto pale tu njia nyingine zinaposhindikana. Wadogo hupelekwa katika shule za urekebishaji, kama vile Wamumu na Kabete, zilizo chini ya idara ya huduma za watoto. Wakubwa huenda Borstal, Shimo la Tewa au Shikusa, ambazo husimamiwa na idara ya magereza. Kwa hiyo mwaka uliokosewa na daktari waweza kuamua iwapo kijana atapokewa na mwalimu au na askari jela.