Nyigu wa Mihogo na Swali la Darwin

Kama unaishi Matema, Ngonga au popote mwambao wa Kyela, unawajua wadudu wa ziwani wanaopaa juu ya Nyasa kama moshi. Leo tumtazame mwingine, ambaye hutamwona hata akitua kwenye jani mbele ya pua yako.

Ni nyigu mweusi, mrefu wa milimita moja na nusu hivi. Hana kile kiuno chembamba cha nyigu wa darini kwako. Papasi za jike zina mabaka meusi na meupe; dume ni mdogo zaidi, na papasi zake zina vinyweleo. Sindano jike anayo, ila si ya kukuchoma wewe. Wataalamu humwita Anagyrus lopezi.

Sindano hiyo hutaga yai ndani ya kidung'ata wa mhogo, yule mdudu aliye kama amepakwa unga. Buu likianguliwa hula kidung'ata kutoka ndani, naye bado yu hai. Mwishowe kidung'ata huvimba, hukauka na kuwa kahawia, kisha nyigu mpya hutoboa tundu la duara na kutoka. Jike hata huchagua: kwenye kidung'ata mdogo hutaga yai la dume, kwenye mkubwa yai la jike.

Inatisha. Charles Darwin alitishika pia. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliumba kwa makusudi nyigu wanaokula viwavi wakiwa hai. Swali hilo si la kudharau, na mhubiri anayelipita kwa kuimba uzuri wa maua hajamsaidia muumini yeyote.

Wapo wanaojibu haraka kwamba ni laana ya dhambi ya Adamu. Seminarini tulifundishwa vingine. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakataa kwamba simba alikula majani mpaka mtu alipokosa. Dhambi ya mtu haikubadili maumbile ya wanyama. Na katika Kitabu cha Ayubu, Mungu anapojibu hatimaye, anamtaja tai ambaye makinda yake hunywa damu. Hamwombei radhi tai huyo.

Sasa sikia upande wa pili. Kidung'ata wa mhogo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana kwanza Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 akafika Tanzania na Malawi. Hakuwa na adui huku. Tena majike wake huzaa bila dume. Vichomozo vya mihogo vilikunjamana, kisamvu kikakosekana, na mahali pengine barani wakulima walipoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Kwa nyumba inayosubiri mchele uvunwe, mhogo ndio unaovusha kiangazi.

Adui wake alipatikana Paraguai mwaka 1981: nyigu wetu. Alichunguzwa kwanza Uingereza, kisha akaachiwa Nigeria na taasisi ya utafiti ya IITA ya Ibadan, chini ya Mswisi Hans Herren, na baadaye katika nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwamo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu hakupewa kitu (sidhani kama alilalamika).

Kilichomfanya afae ni jambo lile lile lililomuudhi Darwin. Ameumbwa kwa ajili ya mawindo yake hasa, kwa sindano na kwa namna ya kula. Nyuki wa jirani yako hamgusi, wala buibui anayelinda shamba. Dawa ya kupuliza haina uchaguzi huo. Mimi naona huruma kwa mwenye njaa ndani ya ukali huo, ingawa nakiri kwamba kidung'ata angeandika tafakari nyingine.

Kwa hiyo, kiangazi kijacho, kabla hujabeba bomba la dawa, funua majani ya kichomozo kilichokunjamana. Ukikuta miongoni mwa vidung'ata weupe wapo waliovimba, wa kahawia, wenye tundu la duara, nyigu wameshaanza kazi hapo. Rudisha bomba nyumbani, na wiki mbili baadaye ukatazame tena.