TABORA SI MAHALI PA KUBADILI TRENI TU

Kila shule zifungwapo na wafanyakazi wapatapo likizo zao, wananchi wenye uwezo kidogo huanza kuulizana waende kutembea wapi. Huyu hutaja Unguja, yule Bagamoyo, na mwenye fedha zaidi hutaja Ngorongoro. Tabora haitajwi. Kwa wengi wetu Tabora ni mahali pa kuamshwa usiku ndani ya behewa, pa kusikia mabehewa ya Mwanza yakitengwa na ya Kigoma, pa kununua asali kupitia dirishani, kisha kulala tena. Mtu aweza kupita hapo mara ishirini katika maisha yake asipate kutoka nje ya lango la stesheni.

Jambo hilo halitupendezi, na leo twataka kulisema waziwazi.

Mji huu ulikuwa njia panda ya bara zamani sana kabla ya reli ya Wajerumani kufika mwaka 1912. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikata Usagara na Ugogo, ikaingia Unyanyembe baada ya miezi mitatu au minne ya kwenda kwa miguu. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: moja ilielekea Uvinza na Ujiji hata Kongo, nyingine ilipanda Karagwe na Buganda, na nyingine ikashuka Ufipa. Mizigo ilifunguliwa ikafungwa upya, wapagazi wakalipwa ujira wao na wengine wakaandikwa. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya mahali ambapo nchi yetu inakusudia kupapendekeza UNESCO papate kuwa urithi wa dunia, na Kwihara, iliyo kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, ni kimojawapo cha vituo vyake sita. Basi twawaomba walimwengu waje kuthamini mahali ambapo sisi wenyewe hatujakwenda kupatazama!

Mgeni mwenye siku moja tu na aanze huko Kwihara. Ataliona tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, iliyozunguka ua wake kama zilivyojengwa nyumba nyingi za nchi hiyo. Hapo ndipo Stanley alipokaa mwaka 1871 akitafuta njia ya kwenda Ujiji, na ndipo alipokuja na Livingstone mwaka 1872 baada ya kuonana naye. Wageni kutoka Ulaya huja kwa ajili ya habari hiyo, wakatazama, wakapiga picha, wakaondoka.

Sisi hatuna ugomvi na marehemu Livingstone. Aliichukia biashara ya watumwa na aliandika alichokiona. Lakini twauliza swali moja, nalo ni swali ambalo kila mzazi ampelekaye mwanawe Kwihara angefaa kumwuliza palepale mlangoni. Stanley aliondoka kwenda pwani mwezi wa Machi 1872. Livingstone akabaki katika tembe hilo hata mwisho wa Agosti. Miezi mitano yote hiyo alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja wapagazi. Bila ya watu wa kubeba mizigo, msafiri yule mashuhuri hakuweza kwenda mbele hata mwendo wa siku moja.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za nguo au shanga au pembe, tena juu yake chungu na mkeka wake mwenyewe. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari, hata ikawa kijana asiyepata kuiona pwani hahesabiwi kuwa mwanamume kamili. Katika njia hiyohiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuandikiana na mtu mkataba wowote. Haifai kuyachanganya mambo haya mawili, wala haifai kulitaja moja tukalificha jingine kwa kuwa linatutia uchungu.

Mwaka 1873 Chuma na Susi na wenzao walifika Unyanyembe wakiuchukua mwili wa Livingstone, aliyefia huko ambako sasa ni Zambia. Walimkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Walipoona kwamba wenye vijiji vya mbele wangewazuia kupita na maiti, waliufunga kama robota la nguo, wakaenda nalo hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Watoto wetu wangapi walijuao jina la Stanley wayajua pia majina ya watu hawa? Na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, kisha akarudi akawaongoza Speke, Stanley na Cameron katika njia hii, nani humtaja?

Kutoka Kwihara mgeni asisahau wenye nchi. Mirambo alilifunga njia hili mwaka 1871, akawapiga Waarabu wa Tabora pamoja na Stanley aliyejiunga nao, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Tangu hapo hata kufa kwake Desemba 1884, hapana mfanyabiashara aliyepita Unyamwezi bila kufikiri Mirambo atasemaje. Hatutaki kumpaka chokaa: rugaruga wake walichoma vijiji vya Waafrika wenzao, na yafaa jambo hilo lisemwe. Lakini dola aliyoijenga Urambo aliijenga kwa akili yake. Naye Isike, Mtemi wa Unyanyembe, alipozingirwa na Wajerumani Januari 1893, aliona afadhali kuiwasha baruti ya ghala lake kuliko kujitoa mikononi mwao. Mwenye kulitazama Boma la Wajerumani, ambalo Wabelgiji waliliteka pamoja na mji Septemba 1916, na amkumbuke mtu huyo kwanza.

Kisha kuna habari iliyo karibu nasi zaidi. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikuja na moyo wa kuukataa uchaguzi huo kabisa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere aliwashawishi kwamba kuususia ni kuwaachia wengine uwanja. Wakakubali kuingia; Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Uchaguzi ulipofanywa mwaka 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na Desemba 1961 nchi ikawa huru. Hayo yaliamuliwa katika mji ambao Mwalimu aliusomea tangu 1937 hata 1942, na akafundisha St. Mary's aliporudi kutoka Makerere. Shule aliyosoma, ambayo Rashidi Kawawa pia aliisoma, ingali yafundisha.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku zile za Januari 1958, leo amekaribia miaka 90. Kwa hiyo twawaambia vijana wa Chama katika mkoa huo: nendeni kwa wazee hao mwaka huu, msingoje sherehe. Andikeni nani alilala nyumba ya nani, nani aliwapikia wajumbe chakula, kina mama walifanya kazi gani. Na wahusika wa mambo ya kale twawaomba maelezo ya Kwihara yawe ya Kiswahili chema kisomekacho na mtoto wa darasa la tano, na wapagazi wapewe humo nafasi iliyo sawa na ya wale waliowabebea mizigo.

Gharama si kubwa kama watu wadhanivyo. Treni ya reli ya zamani bado yafika Tabora, na barabara ya lami ipo. Sokoni kuna asali ya misitu ya miombo na uyoga wakati wa mvua, na viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, matobolwa, ambavyo wenyeji husema ndivyo vilivyoupa mji jina lake. Apendaye embe na aende Desemba.

Mwalimu atakayekipeleka kikundi cha wanafunzi twampa shauri moja. Afungashe frasila moja ya mchanga, nusu tu ya mzigo wa mpagazi, na wanafunzi wake waichukue kwa zamu katika kipande cha mwisho cha njia ya Kwihara, kila mmoja mpaka achoke. Wakishafika, ndipo awaingize ndani ya tembe.