Jaa Nyuma ya Kijiji, Kisima Mbele ya Nyumba

Mgeni afikaye Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, huiona bahari. Ni nadra alione jaa. Ardhi ya huko ni mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, na udongo wake ni haba. Taka zinapotupwa katika mashimo yaliyoachwa na wachimba mawe, mvua huzipitia na kuteremsha uchafu hadi kwenye maji ya visima, bila kuchujwa vya kutosha.

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi nitrati wala risasi itokayo kwenye betri. Kuchoma taka nako hutoa moshi wenye dioksini, na makopo yasiyoungua hukusanya maji anamozaliana mbu wa dengi.

Kumhimiza mama achemshe maji ni wajibu. Kuishia hapo ni kumtwika mzigo usio wake. Hoteli zitenganishe taka zao na kugharimia usafirishaji hadi kwenye dampo lisilovuja. Mhudumu wa afya naye, amtibupo mtoto anayeharisha, aulize kisima kiko umbali gani na jaa, kisha jibu hilo alifikishe kwa sheha.